Marudiano ya Madrid

"Baba, kwani nyumbani kwa Simba si Mkapa?" Mwanangu aliniuliza hivyo Mei 2025, CAF ilipoihamishia Amaan, Zanzibar, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Nikamweleza kwa kifupi habari za hali ya uwanja, lakini akili ilishaniruka hadi 2018, sebuleni kwa kaka, tukitazama River Plate na Boca Juniors, mahasimu wa Buenos Aires, Argentina.

Mkondo wa kwanza wa fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, ulikwisha 2-2 pale La Bombonera, uwanja wa Boca, siku moja baada ya mvua kuahirisha mchezo. Kanuni ya bao la ugenini haikutumika kwenye fainali, kwa hiyo mambo yote yakabaki Monumental, uwanja wa River. Tarehe 24 Novemba tukakesha. Mechi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, kumbe basi la Boca lilikuwa limeshambuliwa njiani, vioo vikapasuka, nahodha Pablo Pérez akaumia jicho. Watu waliojaa uwanjani tangu mchana wakarudi makwao bila kuona mpira. Baadaye CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika Kusini, wakaipeleka fainali Santiago Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, Hispania.

Kaka, shabiki wa River tangu enzi za nyota wao Ortega, hilo lilimkaa rohoni. Kombe la kuwaenzi watu waliozikomboa nchi za Amerika Kusini mikononi mwa Hispania, likaamuliwe Madrid! Tena tarehe 9 Desemba, sikukuu yetu ya Uhuru, siku ileile ambayo mwaka 1824 jeshi la Hispania lilishindwa Ayacucho.

Saa nne na nusu usiku tukaanza, kompyuta juu ya stuli, intaneti ya simu. Benedetto akaifungia Boca, Pratto wa River akasawazisha. Dakika 30 za nyongeza zilipoanza tu, Barrios wa Boca akala nyekundu.

Halafu dakika ya 109. Quintero wa River anapewa pasi nje kidogo ya boksi, anautuliza mpira, anaachia shuti la mguu wa kushoto. Andrada, kipa wa Boca, anaruka, mkono haufiki. Mpira unapiga chini ya mwamba na kuzama wavuni. Nikamgeukia kaka nikitegemea kelele za kuamsha mtaa. Alikuwa amesimama, viganja vyote viwili kichwani, machozi yanamtoka. "Bao hili lilikuwa la Monumental," alisema. Akarudia. Kwenye kompyuta wachezaji wamelaliana kwa furaha, yeye hata hajakaa.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Gago wa Boca akaumia, wakabaki tisa, mwenzake Jara akagonga nguzo, kipa wao akapanda kwenye kona, na Pity Martínez wa River akakimbia peke yake na mpira hadi golini. 3-1.

Tulibishana mpaka usiku mkubwa. Argentina, mashabiki wa timu mgeni hawakuruhusiwa kuingia katika mkondo wowote. Madrid waliingia wa pande zote mbili, na nilimwambia kaka hilo si jambo dogo. Akaniuliza ni wangapi kati ya waliokaa Monumental siku ile waliomudu nauli ya ndege. Sikuwa na jibu. Tangu 2019 fainali ile ni mechi moja, uwanja huchaguliwa mapema, na naona kabisa faida yake kila ninapolifikiria lile basi. Hata hivyo, mwanangu aliponiuliza habari za Mkapa, nilijikuta nikiongea maneno ya kaka.