Kiduha kilipochanua

Udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua, lakini mahindi ya bibi upande ule wa shamba yalikuwa yamejikunja majani kana kwamba ni kiangazi. Bibi akanionyesha chini. Katikati ya mahindi yaliyodumaa palikuwa na maua.

Ilikuwa Misungwi, mkoani Mwanza, wakati wa likizo. Jina la kiduha, gugu la mashamba ya nafaka, nilikuwa nikilisikia kwa wakubwa, wakilitaja kama watajavyo ugonjwa, ila sikuwahi kukiona kimechanua. Nikapiga magoti. Mmea wenyewe ulikuwa mdogo: shina la pembe nne lenye manyoya ya kukwaruza, majani membamba ya kijani kibichi. Maua yalikuwa ya waridi iliyokolea kukaribia zambarau, ya chini yamefunguka, ya juu bado vitumba. Kila ua lilikuwa mrija mwembamba uliopinda ghafla mara tu ulipotoka kwenye kikombe chake, kisha ukafunguka midomo miwili, wa juu mfupi, wa chini umegawanyika sehemu tatu pana. Mpaka leo sijaona ua zuri kuliko lile katika shamba la nafaka.

"Usilisifu, mjukuu wangu. Ling'oe kabla halijazaa."

Nilimwomba nichimbe moja taratibu, kwa mkono. Chini ya udongo shina liligeuka jeupe, na mzizi wake ulikuwa umeng'ang'ania mzizi wa muhindi kwa kifundo kidogo. Kumbe mahindi yalikuwa yakinyonywa wiki kadhaa kabla hata ua halijachungulia juu! Baadaye nilijifunza kwamba mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni hata zaidi ya miaka 10, na haziamki mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mmea wa kunyonywa: mahindi, mtama, uwele. Mche mmoja huacha maelfu ya mbegu. Ndiyo maana bibi hakutaka ua hata moja libaki.

Tuliving'oa hadi jua likawa kali, tukavichoma. Ua nililolificha ndani ya daftari lilikauka likawa jeusi, rangi yote imepotea.

Msimu uliofuata bibi alipanda karanga upande ule. Mizizi ya karanga huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, hivyo miche hufa. Yeye hakulieleza hivyo. Alisema tu kwamba shamba limechoka na mahindi.