Hiyo picha ilipigwa saa ngapi?

Nilifika kwenye ukingo wa jabali liitwalo The Temple, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, saa nane na nusu mchana. Chini yangu, kwa mujibu wa picha iliyonitoa nyumbani, kulikuwa na Ziwa Michaelson, na kutoka hapo Bonde la Gorges likateremka kuelekea mashariki. Nilichokiona ni weupe mtupu. Ukungu ulijaa bonde zima hadi kwenye ncha za buti zangu. Mdogo wangu akatazama chini, akanigeukia: "Dada, ndiyo hii tuliyoipandia?"

Mlima haukuwa na kosa. Ndiyo tabia ya milima ya karibu na ikweta: asubuhi kweupe, kisha jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka chini, na adhuhuri ikifika mawingu yameshatanda. Picha ile ilipigwa asubuhi, bila shaka yoyote. Ratiba tuliyouziwa sasa: tufike pale mchana, tupige hema jirani na vidimbwi vya Hall Tarns, tuamshwe saa nane usiku twende Point Lenana, mita 4,985, kisha tushukie upande mwingine wa mlima. Yaani bonde nililolifuata tungelikuta kwenye ukungu na kuliacha kwenye giza. Niliisoma karatasi ile mara tatu kabla ya kulipa, na sikuliona hilo.

Saa nane usiku wenzetu wakawasha taa za kichwani wakaondoka. Mimi nikakataa kutoka kwenye hema, mdogo wangu naye akakataa, nadhani kwa sababu ya baridi zaidi kuliko kwa kuniunga mkono. Kiongozi mmoja akabaki nasi. Tulirudi ukingoni kabla jua halijatoka, tukakaa juu ya mabegi matupu. Mwanga ulianzia kwenye kuta za juu kabisa, mwekundu wa kutu, ukashuka taratibu kama mtu anayevuta shuka. Ziwa lilikuwa jeusi kwa muda mrefu. Likawa la kijivu, halafu ghafla likawa kijani, na mto unaotoka humo ukaonekana wote, uzi mwembamba unaopinda kwenye nyasi mpaka macho yanaishia. Saa nne wingu la kwanza likaanza kupanda bondeni, dogo, kama moshi wa mtu anayepika mbali. Kilele cha Lenana sijakifika mpaka leo, na simdai mtu.

Tangu hapo, kila nikiletewa picha ya bonde naanza na swali hilo moja: ilipigwa saa ngapi, na mwezi gani? Vivuli hujibu vizuri tu ukijua bonde limeelekea wapi. Bonde lililofunguka mashariki hupata jua mapema na kulipoteza mapema. Lililolala kusini-kaskazini kati ya kuta ndefu huona jua katikati ya mchana tu, na ukilala sakafuni mwake utakunywa chai ya asubuhi kwenye kivuli huku milima ya juu inang'aa. Isitoshe, hewa baridi ni nzito: usiku huteremka na kutuama chini. Hema lililopigwa hatua chache juu ya sakafu ya bonde huwa na joto kuliko lililo kando ya mto, hata kama kando ya mto ndiko kunakopendeza.

Halafu umbo. Hili nalisoma kwenye mistari ya kontua, ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Mistari ikibanana pande zote mbili mpaka mtoni, hilo ni bonde lililochongwa na maji, lenye umbo la V. Njia itapanda na kushuka ubavuni siku nzima na utaona miti na mto, basi. Mistari ikiacha uwazi mpana katikati, hapo barafu iliwahi kupita: sakafu tambarare, kuta zilizosimama wima, maporomoko yanayoanguka kutoka mabonde madogo yaliyobaki yananing'inia juu. Bonde la Langtang kule Nepal lina yote mawili. Unaanzia Syabrubesi, chini kidogo ya mita 1,500, na mwanzoni uko kwenye korongo la msitu. Ukifika kama mita 3,000 bonde linapanuka, na linaendelea hivyo mpaka Kyanjin Gompa, karibu mita 3,900. Anayeuza safari hiyo ataonyesha picha za juu tu. Ile siku ya msituni mimi naipenda, ila mtu aambiwe.

Langtang pia imenifundisha kutazama kilicho juu ya mahali pa kulala. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliporomosha barafu na mawe kutoka juu, yakakifukia kijiji cha Langtang, na watu wengi sana wakafa. Kijiji kimejengwa upya. Huwezi kutabiri tetemeko, lakini swali la kambi iko chini ya nini ni la haki kumuuliza kiongozi yeyote.

Mwezi nao una ujanja wake. Bonde la Maua, kule Uttarakhand nchini India, huchanua zaidi Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya mvua za monsuni. Ukitaka maua, umetaka na kulowa. Halafu hairuhusiwi kulala ndani, unalala kijiji cha Ghangaria na kuingia asubuhi. Miezi hiyohiyo, bonde la Markha huko Ladakh huwa kavu kwa sehemu kubwa, maana limekingwa na Himalaya. Huko utavuka mito, na mto wa theluji huvukwa asubuhi. Alasiri, jua likishayeyusha juu, maji yale yaliyokufika kwenye vifundo yanaweza kukufika magotini.

Sasa hivi nina ramani sakafuni, na safari hii tuko watatu. Mama mdogo amesema anakuja. Anatembea vizuri, kupanda si tatizo lake, ila magoti yake hayapendi kushuka. Kanuni ya zamani ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ya mwaka 1892, inahesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mama mdogo naongeza theluthi, na kuhusu kushuka kanuni hiyo haisemi kitu. Langtang nimeiweka kando kwa sasa. Ukishavuka mita 3,000 inashauriwa usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na ratiba nyingi za kule zinaruka karibu mita 1,000 kwa siku moja. Kuigawa siku hiyo kunahitaji siku za likizo ambazo yeye hana.

Kwa hiyo Lauterbrunnen, Uswisi, mwezi wa Septemba, theluji ikiwa imeshatoka kwenye njia nyingi. Nilikuwa nalidharau bonde hilo kwa sababu kila mtu ana picha yake, yale maporomoko ya Staubbach ya karibu mita 300 nyuma ya kanisa. Lakini lina kitu ambacho mabonde mengine niliyoyataja hayana: kupanda utapanda kwa miguu, kushuka utashuka kwa treni au kwa gari la kamba. Mama mdogo alipoambiwa hivyo alifunga mazungumzo.

Kinachobishaniwa sasa ni pa kulala. Mdogo wangu anataka kijiji cha Wengen, kwenye rafu ya mlima upande wa mashariki wa bonde, panapopata jua la jioni. Mimi nataka Mürren, ng'ambo ya pili, mita 1,600 na ushei, kwa kuwa ukikaa pale Eiger, Mönch na Jungfrau zinakutazama usoni na jua la jioni huzipiga zenyewe. Yeye anataka jua limwangukie, mimi nataka liangukie mlima. Kura ya mama mdogo bado haijapatikana. Ameomba kwanza aonyeshwe stesheni ya treni iko hatua ngapi kutoka kitandani.