Siku moja maishani mwangu: Rubani wangu anaoa au anaolewa?

Saa 11 alfajiri

Naamka na adhana. Magomeni bado kumetulia, ila jirani ameshaanza kuchoma vitumbua na harufu ya iliki inapita dirishani. Nawasha kompyuta kabla sijanawa uso. Mama anasema hiyo ni tabia ya walevi.

Naandika hadithi ya chombo cha angani kinachobeba maji. Rubani wake anaitwa Bahati, na katika kurasa 62 sijasema popote kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiingereza ningetoka jasho. Kwa Kiswahili ni *a-*, ni *yeye*, ni *wake*, basi. Ngeli ya A-WA haina habari na ndevu.

Saa 2 asubuhi

Kazi ya ugali: kuhariri kitabu cha sayansi cha darasa la tano. Mmeng'enyo wa chakula, michoro miwili, chai ya pili.

Saa 5

Mchoraji anapiga simu.

"Shikamoo dada. Huyu Bahati nimchoreje? Ndevu au hereni?"

"Marahaba. Mvalishe kofia ya angani."

"Kofia ina kioo, dada. Sura itaonekana."

Nacheka, lakini swali lake ndilo lililonifikisha hapa. Nikiwa chuoni nilisoma riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1969, kuhusu sayari ya Gethen, ambako watu hawana jinsia ila kwa siku chache tu kila mwezi, na yeyote anaweza kushika mimba. Wote aliwaita kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza, *he*, na wahakiki wakamshukia: mbona umejaza wanaume watupu? Mwaka 1976 aliandika makala ya kujitetea, na mwaka 1987 akairudia na kukiri kwamba wana hoja. Miaka 11, kiwakilishi kimoja!

Mimi sikuona ugomvi ulipo. Kila nilipokutana na neno lile, kichwani nilisoma *yeye*. Mwalimu wangu aliponiuliza mbona sijalitaja, nilinyamaza kama niliyekamatwa na kitu cha watu. Ukimya ule ndio uliozaa tasnifu yangu.

Saa 8 mchana

Wali, mchicha, na usingizi wa dakika 20 ambao siuombei radhi.

Nikiamka napangua kabati na kukutana na bahasha ya hadithi zangu za zamani, zote zimeandikwa jina la marehemu babu. Nilidhani hakuna atakayesoma habari za maroketi zilizoandikwa na binti. Kisha utafiti ukanikutanisha na James Tiptree, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi aliyesifiwa kwa kalamu ya kiume. Mwaka 1975 mwandishi mwenzake, Robert Silverberg, alikataa katakata kwamba Tiptree anaweza kuwa mwanamke. Kumbe Tiptree alikuwa mwanamke, Alice Sheldon. Jina la Tiptree alilitoa kwenye chupa ya jemu dukani! Wiki niliyosoma habari hiyo nilifuta jina la babu. Babu alikuwa fundi seremala, hakuwahi hata kupenda hadithi.

Saa 1 jioni

Luku imekata. Namsomea mama sura ya mwisho kwa tochi ya simu huku akichambua maharage. Bahati anatua, anampata mwenza wake, wanafunga ndoa. Vidole vya mama vinasimama juu ya ungo.

"Sasa huyu anaoa au anaolewa?"

Kurasa 62 nimejificha nyuma ya *a-*, nikiwacheka Waingereza na viwakilishi vyao. Kumbe Kiswahili kilikuwa kinanisubiri mlangoni pa harusi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kinamvua rubani wangu kofia. Katika tasnifu nzima sikuligusa hili hata kwa tanbihi.

Saa 3 usiku

Umeme umerudi. Mchoraji ametuma picha: kioo cha kofia kinaakisi mwezi, sura haionekani kabisa. Kijana ana akili kuliko mimi.

Nafuta *alioa*. Naandika *walioana*, namsomea mama tena. Anasonya.

"Haya, wameoana. Na mahari kapeleka nani?"