Niliachilia Ufunguo wa Stoo, Kikundi Kikapata Wenyewe

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyefungua stoo ya kikundi chetu cha kusafisha mto hapa Mathare, Nairobi, kila Jumamosi saa moja asubuhi. Reki, koleo, wilbaro mbili, gambuti jozi kumi na nne. Nilifungua, nikaandika mahudhurio, nikapigia waliochelewa, nikamtafuta mtu wa mkokoteni wa takataka, na jioni nikaosha vyombo na kufunga. Daftari lilionyesha wanachama 41. Mtoni tulikuwa tisa, siku ya baraka kumi na wawili.

Kila niliyemlilia alikuwa na dawa yake. Wa kwanza, mtu ninayemheshimu, alisema, "Tozeni faini, Wakenya huelewa mfuko." Tukapitisha shilingi 100 kwa kila Jumamosi unayokosa. Mwezi wa kwanza zikaingia kama elfu mbili hivi, nami nikaamini tumeokoka. Mwezi wa pili, Ijumaa jioni, simu yangu ikalia: M-Pesa, shilingi 400, kutoka kwa mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Nikampigia. Akanijibu kwa upole, "Mwenyekiti, hiyo ni ya mwezi mzima. Jumamosi ndiyo siku yangu ya soko. Mungu akubariki." Hakuwa na ubaya wowote. Tulikuwa tumeweka bei ya kutokuja, naye akalipa kama muungwana. Walioshindwa kulipa ndio walioniuma zaidi. Kijana mmoja wa mjengo alifikisha deni la 600, na akiniona kwenye kona anapinda njia nyingine. Mtu tuliyekula naye githeri mtoni! Nilifuta faini mbele ya kikao, na deni lake nikalitaja kwanza.

Dawa ya pili ilikuwa posho. Shirika fulani lilitulipia miezi mitatu, watu wakajaa. Pesa zilipokwisha, wakaisha.

Halafu yakaja mafuriko ya Aprili 2024. Maji yaliingia kwangu usiku, nikawapeleka watoto kwa dada yangu Githurai, nikakaa huko karibu wiki tatu. Niliporudi nilikuta mitaro ya upande wetu imezibuliwa. Watu wangu, walewale nilioamini hawajali, walikuwa wameazima sepetu na karai kwenye mjengo wakachimba siku nne. Nikauliza kwa nini hawakutumia vyombo vyetu. Yule kijana wa deni akanitazama. "Mzee, ufunguo ulikuwa kwako."

Sikulala vizuri usiku huo.

Siku chache baadaye, Mei, nyumba za kando ya mto zikabomolewa, na wanachama kama kumi wakahamia Huruma na Kariobangi. Hapo sikuweza kungoja tena. Nilichonga funguo tatu. Kisha nikageuza kalenda ya zamani nikaandika nyuma yake kila kazi niliyokuwa nikifanya, hata kununua sabuni. Zilitoka 26. Sikuandika cheo hata kimoja, kwa sababu cheo huwatisha watu. Anayeogopa kuwa katibu hawezi kuogopa kuandika majina kwa wiki sita.

Nikaanza kwenda mlango kwa mlango. Tafadhali, usisimame kikaoni ukauliza nani atajitolea. Watu wote huangalia viatu vyao. Nenda kwa mtu mmoja, na kazi moja, na tarehe ya mwisho: "Nisaidie hii mpaka mwisho wa Agosti." Wawili walikataa waziwazi nikawashukuru. Mama wa mitumba alikubali kabla sijamaliza sentensi. Hesabu ni maisha yake. Kazi ya mweka hazina tuliigawa mara tatu: simu ya mmoja hupokea pesa, mwingine huandika daftari, naye mama husoma stetimenti ya M-Pesa kwa sauti kwenye kikao cha Alhamisi jioni, akishafunga kibanda. Minong'ono ya pesa ilikufa mwezi uleule.

Kijana wa mjengo nilimpa vyombo na ufunguo. Akapiga misumari ukutani, kila koleo na namba yake, kisha akasema tuanze saa tatu, si saa moja. Mimi nilitaka kuwahi jua, miaka sita nimesema hivyo. Nilinyamaza. Jumamosi hiyo tulifika 22, wengi vijana wanaotoka zamu za usiku ambao sikuwahi kujua wanalala saa ngapi.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote 26. Binti aliyechukua jukumu la mkokoteni alisahau kuuagiza, magunia thelathini yakalala ukingoni, mvua ikanyesha, nusu yakarudi mtoni. Namba ya mtu wa mkokoteni ninayo kichwani. Mkono uliniwasha, lakini sikupiga. Ningepiga, kazi ingekuwa yangu tena hadi leo. Jumatatu binti alikuja mwenyewe, macho mekundu, na karatasi: watu wawili wa mikokoteni, mmoja wa kawaida na mmoja wa akiba, na siku ya kuwakumbusha. Sikuongeza neno.

Tulipojisajili upya kufuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ilibidi tuchague viongozi. Zamani nilikuwa nikibembelezwa niendelee kwa kukosa mwingine. Safari hii watu watano waligombea viti vitatu, na yule binti ndiye katibu. Mimi sikugombea.

Jumamosi iliyopita nilichelewa dakika ishirini. Kijana wa mjengo alinipa gambuti, akaweka alama kwenye jina langu, akaonyesha kwa kidole: "Mzee, leo uko upande wa daraja." Nikachukua koleo namba tisa nikashuka.