Piga kama unavyompigia yule

Jumamosi jioni. Nimetoka kiwanjani Walukuba, vumbi bado limenijaa masikioni, ila naandika kabla sijaoga.

Leo mdogo wangu amenikasirikia. Ana miaka 22, amezaliwa na ulemavu wa akili, na hapa Jinja tumezoea kusikia wapita njia wakimwita musiru, yaani mpumbavu. Mwaka huu tunacheza timu moja kwa utaratibu wa michezo ya pamoja wa Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili: katika mpira wa saba kwa saba, wanne uwanjani wana ulemavu wa akili, watatu hawana. Mimi ni mmoja wa hao watatu.

Dakika za mwisho nikapata mpira, naye yuko peke yake karibu na goli. Nikamsukumia taratibu, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Beki akauwahi. Mdogo wangu akashika kiuno, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Kaka, piga kama unavyompigia yule," akasema, akimwonyesha winga wetu wa upande wa pili.

Limenichoma. Miaka yote nimeamini kumpigia polepole ndiyo kumpenda. Nyumbani mama humkatia nyama, mimi humfunga kamba za viatu. Leo kazifunga mwenyewe: kitanzi cha kwanza, akasita, ulimi nje, kitanzi cha pili. Refa alingoja, na hakuna aliyemharakisha.

Michezo ya kwanza ya Special Olympics ilifanyika Chicago Julai 1968, na Eunice Kennedy Shriver aliyeianzisha aliamini kwamba watu hawa wanaweza kushindana, wanachonyimwa ni nafasi. Ndiyo maana timu hupangwa kwa viwango, zinazolingana zikutane. Uganda nayo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 30 inataja michezo waziwazi. Kiwanja chetu bado tunakichora kwa majivu ya jikoni. Lakini nafasi aliyonyimwa leo, niliyemnyima ni mimi, ndugu yake wa tumbo moja.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Aliweka mpira chini uani. "Tena."

Nikapiga kwa nguvu. Wa kwanza ukampita, ukagonga bati la jirani. Wa pili ukampata tumboni, akaguna. Wa tatu akautuliza kwa unyayo, akanirudishia.