Sisi ni watu wa misheni

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na kabila. Ukimuuliza alijibu, "Sisi ni watu wa misheni," akaendelea kupepeta mchele wake kama vile hukuuliza kitu. Tulikaa Magomeni, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba sita, na humo ndani mlikuwa na Wazaramo, Wandengereko, Wamanyema na familia moja ya Kinyamwezi. Kila mtu alikuwa na watani wake. Ukitokea msiba, watani walifika, wakavaa nguo za marehemu, wakaiga mwendo wake, wakalizuia jeneza mlangoni mpaka wapewe chochote. Bibi alifariki mwaka 1991, nikiwa na miaka 19. Jeneza lake lilitoka mlangoni bila kuzuiwa na mtu. Ule ukimya ndio ulionipeleka kwenye teolojia, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu sababu nyingine.

Naandika haya kwa ajili ya frateri mmoja, yaani kijana anayesomea upadre. Muhula huu nafundisha maadili ya jamii kwa darasa lenye mafrateri, masista na walei wachache, waumini wasio mapadre wala watawa. Tulipofika kwenye ubaguzi wa rangi akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kuuliza bila ubaya. Hapa kwetu nani anambagua nani? Haya si mambo ya Wamarekani?" Swali hilo nimeulizwa na mapadre, na majirani, na mama mmoja wa jumuiya yetu tuliyekuwa naye kwenye daladala. Siku ile nilimjibu frateri kwa haraka, kwa kuwa kipindi kilikuwa kinaisha, na jibu lenyewe halikuwa na maana. Nimelala nalo wiki nzima.

Watu wa misheni ni watu wa Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakaanzisha pale misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara hili la Afrika Mashariki. Waumini wake wa mwanzo walikuwa watoto walionunuliwa katika soko la watumwa la Unguja, lile lililofungwa mwaka 1873. Waliwafundisha sala, kilimo na ufundi, wakakua, wakaozwa wao kwa wao, wakajengewa kijiji. Babu yake bibi alikuwa mmoja wa watoto hao. Jina lake la ubatizo tunalo. Jina aliloitwa na mama yake, huko alikochukuliwa, hakuna anayelijua, wala huko kwenyewe hakujulikani ni wapi.

Kwa Kiswahili tunasema watoto hao walikombolewa. Nimelikalia neno hili miaka mingi. Ukiweka baiskeli rehani, unaikomboa kwa kulipa. Ndilo neno tunalomwitia Yesu, Mkombozi, na ukisali kila siku husikii tena bei iliyomo ndani yake. Wale watoto walikombolewa kwa maana zote mbili kwa mpigo: fedha ilitoka, kisha maji ya ubatizo. Je, walikuwa huru? Walilima mashamba ya misheni, waliishi kwa kengele ya misheni, na wapo waliotoroka. Nasema hivyo bila kuwadharau mapadre wale, ambao wengi walikufa kwa homa wakiwa vijana kabisa. Bila fedha yao huenda nisingezaliwa. Lakini kushukuru hakunizuii kuuliza.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Ulaya, kwenye Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambamo watoto wa Kikatoliki walitoa visenti vyao kwa ajili ya watoto wa mbali. Mimi mwenyewe nilikuwa Utoto Mtakatifu pale parokiani. Nilipeleka sarafu zangu kila Jumapili, na hakuna aliyeniambia kuwa kwa sarafu kama hizo ndipo alipolipiwa babu wa bibi yangu. Nililigundua hilo nikiwa na miaka zaidi ya 30, kwenye maktaba, nchi ya watu. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikalia.

Kuna jambo jingine la parokiani ambalo frateri yule anapaswa kulisikia. Mwaka 1981, kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista wetu alichora mioyo miwili ubaoni. Moyo wenye neema aliujaza chaki mpaka ukang'aa. Moyo wenye dhambi aliuacha kama ubao ulivyo. Alikuwa mzee mwema, alitununulia karanga kwa fedha yake mwenyewe. Nilitazama ubao, nikatazama mkono wangu, nikauficha chini ya daftari. Na huo ulikuwa mji ambao askofu mkuu wake alikuwa Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika nyakati zetu! Kardinali mweusi akiwa katika kiti chake kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na moyo wa neema ukiwa mweupe Magomeni. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Basi nikasoma. Nilifundisha dini sekondari, nikapata uzamili, nikapata ufadhili wa kwenda Marekani kwa uzamivu. Mlei, mwanamke, na katika madarasa mengi mweusi peke yangu. Mhadhiri mmoja niliyetarajia anisimamie aliniambia kwa upole kabisa kuwa mada ya rangi ni sosholojia, si teolojia ya maadili, na kwamba ningefanya vizuri zaidi nikiandika juu ya ndoa au ukimwi, kwa sababu hizo ndizo mada za Afrika. Upole ule uliniumiza kuliko matusi. Nilipata msimamizi mwingine, lakini nilipoteza mwaka mzima.

Mwaka huo niliutumia kusoma vitu ambavyo sikuwa nimepangiwa, na ndimo nilimokutana na andiko ambalo limekuwa kazi yangu ya maisha. Mwaka 1866 askofu mmisionari aliyekuwa Ethiopia, Guglielmo Massaia, aliwauliza wakuu wa Roma juu ya utumwa katika eneo lake. Ofisi Takatifu, idara ya Roma ya kulinda mafundisho ya imani, ikamjibu mwezi Juni mwaka huohuo: utumwa wenyewe, ukitazamwa katika asili yake, haupingani na sheria ya maumbile wala sheria ya Mungu, na mtumwa aweza kuuzwa, kununuliwa, kubadilishwa au kutolewa zawadi, ilimradi masharti kadhaa yatimizwe, kama vile mnunuzi kuhakikisha kuwa mtu huyo hakunyang'anywa uhuru wake isivyo haki. Tazama tarehe. 1866. Miaka miwili tu kabla ya mapadre kushuka Bagamoyo. Sasa fikiria soko la Unguja, mtoto wa miaka saba kafungwa kamba, na mtu anayetakiwa kuhakikisha kama kapatikana kwa haki.

Wanafunzi huniambia kwamba Papa Gregori wa 16 alikwisha kulaani biashara ya watumwa mwaka 1839. Ni kweli. Lakini katika Marekani wapo maaskofu waliousoma waraka ule wakasema umelaani biashara ya kuvusha watu baharini, haukugusa kumiliki walionao nyumbani. Mwaka mmoja kabla, 1838, mapadre wa shirika la Wajesuiti wa Maryland, hukohuko Marekani, walikuwa wameuza watu 272 waliokuwa wakiwamiliki, wakapelekwa mashamba ya Louisiana. Sehemu ya fedha hiyo ililipa madeni ya chuo chao. Hawakuwa majambazi. Walikuwa mapadre, wanasali breviari, sala za kila siku za mapadre, wanafundisha maadili. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu, kwa sababu kulaani majambazi ni rahisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipoandika Desemba 1965 kuwa utumwa na kuuza watu ni aibu, na kuwa ubaguzi wowote kwa sababu ya rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu, ilikuwa imepita miaka 99 tangu lile jibu la 1866. Mafundisho yaligeuka. Ninachotaka kujua, na ndicho nilichoandikia tasnifu, ni nani aliyekuwa nje ya chumba miaka yote hiyo.

Nilikwenda Quincy, jimbo la Illinois, kwenye kaburi la Padre Augustine Tolton. Alizaliwa mtumwa Missouri mwaka 1854, katika familia ya Kikatoliki iliyomilikiwa na Wakatoliki. Mama yake aliwavusha watoto mto Mississippi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakawa huru. Alipotaka upadre, hakuna seminari ya Marekani iliyomkubali. Roma ilimchukua, ikampa upadre mwaka 1886, na yeye mwenyewe alidhani anaandaliwa kuletwa Afrika. Wakabadili mawazo, wakamrudisha kwao, kwa watu walewale waliomkataa. Alianguka kwa joto Chicago Julai 1897, akafa akiwa na miaka 43. Nimesimama pale nikiwaza: angekuja, huenda angeshuka pwani hii, akakutana na babu wa bibi. Watumwa wawili wa zamani, mmoja akiwa na stola, kitambaa cha kipadre, shingoni. Katika Kiswahili mtume na mtumwa ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo ingemwelewa Tolton haraka hivyo.

Nilirudi Dar na shahada yangu. Kazi ya kufundisha niliipata baada ya muda, na hayo mengine ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kuomba kazi chuoni.

Sasa nirudi kwa frateri. Hapa kwetu nani anambagua nani? Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na kuendelea. Mnazi Mmoja pale, ambapo leo tunapita tukiwa na haraka zetu, uliachwa wazi makusudi ili Waafrika wakae mbali na Wahindi. Utumwa wenyewe, kisheria, ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1922. Bibi alikuwa tayari ni mtoto anayetembea.

Na kwa leo, sikutaka kumjibu mimi. Niliwaambia darasa zima waende parokiani kwao wiki mbili, waandike wanachokiona kwa macho, bila maoni. Sista mmoja, ambaye haongei sana, alileta ukurasa mmoja tu. Katika igizo la Noeli la watoto wa chekechea, malaika walikuwa wasichana maji ya kunde, wote watano. Herode alipewa mvulana mweusi kuliko wenzake. Sista alimuuliza mwalimu nani alipanga. Mwalimu akasema hakuna aliyepanga, "wanapendeza tu hivyo." Sista akafungua picha za miaka mitatu nyuma kwenye simu ya mwalimu. Ilikuwa hivyohivyo. Darasa lilinyamaza. Frateri wangu alikuwa ameandika juu ya padre mgeni kutoka Ulaya, wa likizo tu, aliyepewa kiti cha mbele kuliko paroko, na juu ya akina mama wawili wa kwaya ambao nyuso zao zimebabuka kwa mkorogo. Aliandika vizuri. Aliandika kama mtu anayewapenda.

Nimewahi kuitafsiri ile aya ya 1866 kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikamsomea mama mkubwa, dada yake mama, sebuleni kwake. Alinisikiliza akiwa kashika rozari. Nilipomaliza akauliza, "Na yule anayeuzwa, walimuuliza?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Basi hawakujua."

Nimesoma vitabu vingi vya mbinu za teolojia ya maadili, na sijaona palipoelezwa vizuri zaidi ya hapo. Tangu siku ile kila kesi ninayoipeleka darasani, iwe ya mshahara wa dada wa kazi au ya ardhi, tunaanza na swali lake, kabla ya kufungua waraka wowote wa Papa.

Jumamosi ijayo nalipeleka darasa Bagamoyo. Mama mkubwa ana miaka 84 na hajawahi kufika, ingawa ni kama kilomita 70 tu. Bibi hakutaka watoto wake waende, na hakusema kwa nini. Kitu kimoja tu aliwasimulia, kuwa misheni kuna mbuyu uliokula mnyororo, nao walidhani ni hadithi ya kuwalaza. Mbuyu huo upo. Kwa maelezo ya misheni mnyororo ulikuwa wa kumfungia punda, mti ukanenepa ukaumeza, na kipande chake bado kinaonekana. Nilipomwambia mama mkubwa, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema atakuja, akae kiti cha mbele karibu na dereva, na tukifika apelekwe kwanza kwenye mbuyu, kabla ya makumbusho na kabla ya kanisa, akauguse. Frateri ameomba yeye ndiye amshike mkono.