Neno Refu Kuliko Yote

Binti yangu ameanza kusoma, na sasa kila maandishi anayoyaona lazima ayatamke. Jana akaniuliza, "Mama, neno refu kuliko yote lina herufi ngapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Kama 30,000." Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, mawazo yamesharudi maabara.

Ulikuwa mwaka 2021. Hadi usiku ule kazi yetu ilikuwa kufungasha: sampuli kwenye barafu kavu, fomu, ndege, kisha kusubiri. Majibu ya jenomu, yaani maandishi ya vinasaba ya kirusi cha korona, herufi kama 30,000 mfululizo, yalirudi baada ya wiki nyingi, mengine miezi, yakitueleza kirusi kilichokwisha kupita. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshapona au wameshazikwa. Na vitendanishi, kemikali za maabara, tulivyoagiza viliwahi kukwama forodhani. Tulipofungua boksi, barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Tukavitupa bila kusemezana.

Usiku ule tulibakiwa na kibao kimoja tu cha kusomea. Mashine yenyewe ya kusoma jenomu, MinION, inaenea kiganjani na inachomekwa kwenye kompyuta. Juu ya kibao kuna tundu la kudondoshea sampuli, na chini yake utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Uzi wa jenomu ukipenya kwenye kitundu, mkondo wa umeme hubadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo yanayosomwa kuwa herufi. Kiputo cha hewa kikiingia, vitundu hufa, na havifufuki.

"Dondosha wewe, dada," mkuu wangu akasema. "Mkono wako umetulia."

Haukuwa umetulia. Nikabana pumzi. Tone likaning'inia kwenye ncha ya pipeti, likitetemeka pamoja nami, kisha likadondoka na kunywewa taratibu, kama mvua ya kwanza kwenye mchanga. Kwenye skrini vidoti vya kijani vikaanza kuwaka: kimoja, vitano, mamia. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Tunasoma wenyewe."

Novemba ya mwaka huohuo, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walisoma haraka na kusema wazi walichokiona: aina mpya ya kirusi cha korona, iliyokuja kuitwa Omikroni. Ndani ya siku chache tu, nchi kadhaa zikazuia ndege kutoka kusini mwa Afrika. Mkuu wetu akatuuliza kikaoni: nasi tukikiona kipya, tutasema? Tulijibu ndiyo. Lakini kimya kilichoitangulia ndiyo ile bado nakisikia.

Mradi ulipoisha, vibao navyo vikaisha. Mashine ikaingia kwenye droo, na sisi wenye mikono iliyozoea tukatawanyika.

Jioni binti alirudi. "Lile neno, unaweza kulisoma?"

Nikamwambia niliwahi kulisoma, mimi na wenzangu.

"Linaanza na nini?"

"Na A."

Akachukua penseli, akaandika A kubwa, akaniinulia macho akisubiri inayofuata.